Sukari ya Idd Ilipokuwa na Chama: Stori ya Duka la Wote Kule Pemba

Pishi moja ya mchele. Kama kilo mbili na nusu hivi. Kabla hujafika kwenye pilau, kuku wa kupaka, tambi za asubuhi na nguo mpya za watoto, Idd el-Fitr inaanzia hapo. Kila mwenye uwezo anatoa pishi ya chakula kwa kila kichwa kilichomo nyumbani kwake, mpaka kichanga kilichozaliwa juzi, na chakula hicho kinatakiwa kimfikie maskini kabla watu hawajasimama kusali sala ya Idd. Nyumba ya watu wanane, pishi nane. Kwa hiyo ukitaka kujua kijiji cha Pemba kimeishi vipi miaka yote hii, achana na hotuba kwanza. Uliza swali la jikoni: wiki ya mwisho ya Ramadhani mchele ulitoka wapi, na ufunguo wa duka alikuwa nao nani?

Chukua Shumba. Zipo mbili, Shumba Mjini na Shumba Vyamboni, zote Wilaya ya Micheweni, huko juu kaskazini mwa kisiwa. Si sehemu utakayoiona kwenye picha za matangazo ya watalii. Ni watu wa bahari, muhogo na mwani. Samaki sokoni Tumbe, mahitaji makubwa Konde. Duka la kijijini lenyewe ni lile la dirisha na meza ya mbao: sukari, chumvi, mafuta ya kupimwa, majani ya chai, sabuni ya kipande. Lakini usilidharau dirisha hilo. Siasa zote za Zanzibar za miaka sabini zimepita kwenye madirisha ya namna hiyo.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui. Jirani na Shumba, pale Tumbe na kwenye magofu ya Chwaka (Chwaka ya Pemba, siyo ile ya Unguja), wanaakiolojia walichimba na kuokota punje zilizoungua kwenye majiko ya watu wa kale. Tumbe, iliyokuwa na watu kuanzia karne ya 7 hivi mpaka ya 10, punje zilizojaa ni za uwele. Chwaka, mji wa misikiti ya mawe uliokuja baadaye, kuanzia karne ya 11, uwele umewekwa pembeni na mpunga ndio umetawala. Wataalamu wakiweka mpunga huo pamoja na mabakuli ya kupakulia, mengine yametoka ng'ambo, wanaona dalili za karamu: watu kualikana, kupakuliana, na kuonyeshana nani anaweza kulisha wengi. Yaani habari ya kwamba sikukuu bila wali si sikukuu, pande zile ina karibu miaka elfu.

Na Pemba haikuwa inaomba chakula kwa mtu. Enzi za Wareno mchele wake ulivushwa kwenda Mombasa, na Mombasa iliutegemea kweli kweli. Waarabu walikiita kisiwa Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani. Sasa kisiwa kilicholisha Mombasa kilifikaje mahali pa kusubiri meli ya mchele?

Karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika, na kuanzia hapo ndiyo ikawa shamba kuu. Zao la pesa likala ardhi na nguvu za watu (nguvu za watumwa kwanza, ukweli usemwe, maana sheria ya kuufuta utumwa ilikuja 1897), na mchele ukawa unanunuliwa kutoka nje, wa Burma na wa India. Maisha yakawa hivi: unachuma karafuu, unapata hela, unaenda dukani. Mwenye duka mara nyingi alikuwa Mhindi au Mwarabu, anakopesha, anaandika kwenye daftari. Sikukuu ikifika daftari linanenepa, kwa sababu hakuna mzazi anayetaka wanawe wachungulie pilau la jirani. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, unalipa. Ukiwa mbaya, shamba linaingia rehani. Madeni yalifika mahali mpaka serikali ya kikoloni ikatunga sheria miaka ya 1930 kuzuia mashamba yasiishie kwa wakopeshaji.

Vita Kuu ya Pili ikaongeza chumvi kwenye kidonda. Wajapani walipoiteka Burma 1942, mchele wa kule ukakatika, na Zanzibar ikaingia kwenye mgao. Mgao wenyewe ulipangwa kwa asili ya mtu: huyu anahesabiwa ni mla mchele, yule anahesabiwa ni mla muhogo na mahindi. Fikiria hilo. Mnaishi mtaa mmoja, mnafunga mwezi mmoja, mnasali msikiti mmoja, halafu karani anaamua nani sufuria yake inastahili wali. Wapo waliobishana na serikali kuhusu wao ni kabila gani, na kwa mbali inaonekana ni majivuno tu. Kumbe nyuma yake kulikuwa na mchele.

Duka letu, na wao wana lao

Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanyika Julai 1957, na baada ya hapo siasa ikaingia mpaka kwenye kibaba cha chumvi. Kule mashambani wenye ardhi na waliokuwa wakilima humo wakaanza kufukuzana. Wafuasi wa Afro-Shirazi wakajibu kwa kugomea maduka na mabasi ya wale waliowaona ni wapinzani wao. Katika mgomo huo likachipua wazo ambalo mpaka leo ni zuri: kwa nini tusiwe na duka letu? Watu wakachanga, maduka ya ushirika yakafunguliwa, wanachama wakahimizwa wanunue huko na si kwingine.

Kwa mtu aliyezoea kusimama mbele ya dirisha huku deni lake likisomwa kwa sauti, duka lile lilikuwa heshima. Hela yako, mzani wako, faida inarudi kwenu. Tatizo ni kwamba lilizaliwa likiwa na chama. Wa chama kile hawanunui hapa, wa chama hiki hawanunui pale, na ikafika watu hawapandi basi moja, hawahudhurii mazishi ya jirani. Idd ni siku ambayo mtu anatakiwa aingie nyumba ya yeyote ale. Miaka ile kuna milango haikuguswa.

Kuna stori ya Uingereza inayofaa kuwekwa hapa. Wafumaji na mafundi wa mji wa Rochdale, watu 28 kwa hesabu inayotajwa siku zote, walichanga hela wakafungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, siku nne tu kabla ya Krismasi. Bidhaa zenyewe ukizisikia utacheka: unga, siagi, sukari, shayiri ya uji na mishumaa kidogo. Basi. Lakini walikuwa wamechoka na wenye maduka waliopunja mizani na kuchanganya unga na takataka, kwa hiyo wakajiwekea masharti. Mzani wa haki. Bidhaa safi. Kila mwanachama kura moja, awe na hisa moja au hamsini. Faida igawanywe kwa kadiri ya ulivyonunua. Hakuna kukopesha. Na moja ambalo Zanzibar ya 1958 lilipotea njiani: duka halina dini wala chama. Rochdale nayo ilikuwa na wanasiasa na walokole wa kila aina, tena wabishi. Walipofika kwenye kaunta, waliambiwa waache ubishi nje wanunue unga.

Sharti la kutokopesha, kwa kweli, Shumba lisingefika wiki mbili. Mvuvi anapata leo, kesho bahari imechafuka. Duka la kijiji lisilokopesha ni dirisha la kuangalia tu.

Duka la serikali lililoitwa la wananchi

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadili wenye funguo. Serikali ikashika uagizaji wa bidhaa, ununuzi wa karafuu wote ukawa mikononi mwake, na wenye maduka wengi wa asili ya Kihindi na Kiarabu wakaondoka visiwani. Maduka ya ushirika na ya umma ndiyo yakabaki kuwa tegemeo. Kwenye karatasi, hapo ndipo duka lilipokuwa la wote kuliko wakati mwingine wowote. Kwenye foleni, hali ilikuwa nyingine.

Miaka ya mwisho ya Rais Abeid Amani Karume ndiyo inayokumbukwa zaidi. Serikali iliamua visiwa vijitegemee kwa chakula, ikabana uagizaji wa mchele, unga wa ngano na sukari, na kilichopatikana kikatolewa kwa mgao. Kinachouma ni kwamba hela ilikuwepo. Karafuu ilikuwa na bei nzuri duniani, akiba ya fedha za kigeni ikawekwa nje, na mkulima wa Pemba aliyeichuma akalipwa kipande kidogo cha bei hiyo. Wazee wa Pemba wanaiita miaka hiyo kwa jina fupi tu: njaa. Watu waliishi kwa muhogo, ndizi, majimbi na chochote ambacho ardhi na bahari vilitoa.

Sasa rudi kwenye pishi. Kisheria fitri inatoka kwenye chakula kikuu cha mahali, si lazima mchele. Kwa hiyo ibada haikufa. Lakini mama aliyeizoea Idd ya mkate wa kumimina, tambi za sukari na pilau, anaipikaje Idd hiyo bila sukari, bila unga, na mchele wa kuhesabu punje? Muhogo wa nazi ni mtamu, hakuna anayebisha, ila mwezi mzima wa futari umeula huo huo. Mtoto hajui mambo ya fedha za kigeni. Anachojua ni kwamba jana ilikuwa muhogo na leo, siku ya Idd, ni muhogo.

Ndipo bahari ikafanya kazi ambayo duka lilishindwa. Kutoka kaskazini mwa Pemba, pwani ya Kenya si mbali: Shimoni, Vanga, Gazi, halafu Mombasa yenyewe. Usiku, kwa mashua au dau, karafuu ilivuka kwenda, na sukari, mchele, sabuni na khanga zikavuka kurudi. Serikali iliita magendo, na adhabu zake zilikuwa kali. Huko vijijini wengi waliona ni baba amekwenda kuitafuta sikukuu. Huu mkondo wa Pemba una kina kirefu na mikondo ya maji isiyo na mchezo, upana wake ni kama kilomita 50, na taa huwezi kuwasha. Mtu anapasua giza lile ili watoto wapate chai yenye sukari asubuhi ya Idd. Hakuna filamu ya Hollywood inayoizidi hiyo, na aliyeicheza hata jina lake halijaandikwa popote.

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Aboud Jumbe akaingia, masharti ya chakula yakalegezwa, watu wakapumua. Zanzibar ikapata hata televisheni ya rangi mwaka 1973, kabla ya nchi nyingine zote za Afrika kusini mwa Sahara. Flati mpya, TV ya rangi, na bado miaka michache mbele foleni ya sukari ikarudi. Sababu safari hii ilikuwa Indonesia. Ule ulikuwa mteja mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zao za kretek, nao wakapanda mikarafuu yao wenyewe mpaka wakajitosheleza. Bei ikaporomoka, fedha za kigeni zikakauka, rafu za maduka zikabaki na vumbi.

Msomaji wa bara asicheke, kwa sababu bara nako hali ilikuwa ile ile. Mwaka 1976 ilipita Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, vijiji vifungue ya kwao. Mengine yalifungwa kabla mbadala haujawa tayari, na serikali ikalazimika kurudi nyuma. Baadaye yakaja maduka ya kaya, unaandikishwa kwenye duka lako na huko ndiko unakopata kilo zako za sukari na unga. Wazee wa Dar wanaukumbuka unga wa njano, waliouita unga wa Yanga, hata wale wa Simba wakaula. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wengine wakatupa mali baharini na kuchimbia sabuni ardhini. Sabuni!

Somo la mambo ya kiuchumi mtu anaweza kulipata chuoni. Ila mtu aliyesimama kwenye foleni zile anakueleza jambo moja ambalo vitabu vinalipita haraka: duka liliitwa lako, lakini hukuulizwa liuze nini, hukuona hesabu zake, na hukuweza kumtoa meneja. Uliyemjua mle ndani alikuwa na thamani kuliko hisa. Sukari ilipitia mlango wa nyuma, na foleni ilikuwa mlango wa mbele.

Ruksa

Januari 1984 Ali Hassan Mwinyi akawa Rais wa Zanzibar, na katika muda mfupi aliokaa kabla ya kwenda kuongoza Muungano mwishoni mwa 1985, biashara ikafunguliwa. Mwenye fedha zake za kigeni, hata kama hakutaka kusema amezipata wapi, aliruhusiwa kuagiza bidhaa. Jina la Mzee Ruksa alilipata baadaye bara, lakini harufu ya ruksa Zanzibar walianza kuisikia mapema. Mchele ukarudi kwenye maduka, wa kununua, na tatizo likahama kutoka "haupo" kwenda "upo, hela huna".

Kisha siasa ikarudi dirishani, kana kwamba ilikuwa imesahau kibegi chake pale. Uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi baada ya mapinduzi, ulimalizika CUF wakiwa wamechukua viti vyote 21 vya Pemba na CCM wakitangazwa washindi Zanzibar. Yale ya 1958 yakarudi karibu neno kwa neno. Huyu hauziwi. Duka la yule halinunuliwi. Gari la fulani halipandwi. Msiba, hawendi. Kuna ndoa zilivunjika. Maridhiano ya 2009 na serikali ya umoja iliyofuata kura ya maoni ya 2010 yalituliza mambo, halafu baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 Pemba ikasikika tena kwenye habari kwa ajili ya kususiana madukani. Mwenye duka anafungua asubuhi, anakaa na mchele wake mpaka jioni. Mteja wake wa miaka kumi anapita mbele ya dirisha akiangalia upande wa pili, anatembea mbali kufuata kilo ile ile kwa bei ile ile. Wote wawili wamepata hasara, na Idd iko miezi mitatu mbele.

Mchele huo nao una gharama isiyoandikwa kwenye bei. Pemba ni kisiwa, na sehemu kubwa ya mzigo wake inapitia Unguja au bara kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idd el-Fitr, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake. Pemba karibu kila kijiji kilizika mtu au kilisubiri mwili usiorudi. Mwaka uliofuata, familia nyingi Idd iliwakuta bado wanahesabu waliopungua.

Duka la wote lilipo sasa, si duka. Ni sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo tatu wanashika watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Vikundi hivi vya hisa, vya kuweka na kukopa, vilianza na akinamama wa Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, vikafika Zanzibar, vikaenea Unguja na Pemba kama moto. Wanachama huwa kati ya 15 na 30, wanakutana kila wiki, kila mtu ananunua hisa, kitabu kinagongwa muhuri mbele ya wote, hesabu inasomwa kwa sauti. Wengi ni wanawake, na kwenye vijiji vya pwani hela nyingi inatoka kwenye mwani, zao lililoanza kulimwa visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980: kusimama kwenye maji ya bahari saa nyingi, kufunga kamba, kuanika, kuuza kwa bei ambayo haikuwahi kuwa ya haki.

Mwaka ukiisha kikundi kinavunja sanduku na kugawana, na wengi wanapanga tarehe hiyo iangukie Ramadhani au karibu na Idd. Wapo wanaokwenda hatua moja mbele: hawagawani hela yote, wanatuma watu wawili Konde, Wete au Chake wakanunue kwa jumla magunia ya mapembe, sukari na mafuta, wakirudi wanapimiana. Serikali nayo kila Ramadhani inatangaza bei elekezi za mchele, unga na sukari, na kila Ramadhani kuna wenye maduka wanaozisoma kama shairi. Aliyenunua gunia na wenzake haimhusu sana.

Hakuna kipengele kwenye katiba ya kikundi kinachouliza kadi ya chama. Kuna faini ya kuchelewa, faini ya kuongea simu kikao kikiendelea, faini ya kukosa bila taarifa. Wakati watu walikuwa wanasusiana madukani, mtu mwenye hisa zake ndani ya sanduku alikuwa na sababu nzito ya kuja kikaoni na kukaa mkeka mmoja na asiyempigia kura.

Jioni ya mwezi 28 au 29, mchele unamwagwa kwenye turubai, mmoja anapima, mmoja anaandika, wengine wanaangalia mkono wa anayepima. Mapembe kwa pilau, na kipimo cha fitri kinawekwa pembeni kabla ya chochote. Gunia la kilo 50 linatoa pishi 20. Nyumba mbili za watu wanane zimeshamaliza, na pishi nne zinabaki kwa bi mkubwa wa nyumba ya tatu, anayeishi na wajukuu watatu na hisa zake mwaka huu zilikuwa chache kuliko za wote.